Tiketi, Tikiti na Stika: Ukoo Mmoja

ZUHURA: Haya, tumerudi. Salim, mimi leo usinichokoze. Intaneti ya nyumbani imekata tangu Jumanne. Nimepiga huduma kwa wateja, dada wa watu ananiambia kwa upole kabisa, "Tumeshakufungulia tiketi." Nikamuuliza, tiketi ya kwenda wapi?

SALIM: (anacheka) Yaani malalamiko yako yameandikwa. Na namba akakupa.

ZUHURA: Tarakimu kumi na moja! Intaneti sina, tiketi ninayo.

SALIM: Sasa utashangaa, dadangu. Huyo yuko karibu na asili ya neno kuliko konda wa basi. Mwanzo wake si safari wala kuingia mpirani. Ni kijikaratasi kilichoandikwa jambo, basi.

ZUHURA: Enhe, hebu anzia mwanzo.

SALIM: Waingereza walilitoa kwa Wafaransa karne ya 16. Huko Ufaransa kulikuwa na neno estiquette, lililotokana na kitenzi cha kubandika au kuchomeka. Karatasi ya kubandikwa, mzigoni au mlangoni. Waingereza wakalikata kichwa, likabaki ticket. Na hicho kitenzi Wafaransa nao walikipata kwa watu wa lugha za Kijerumani, ukoo uleule uliozaa stick ya Kiingereza, kubandika.

ZUHURA: Ngoja, ngoja. Stick... stika?

SALIM: Stika.

ZUHURA: Yaani stika ya kwenye kioo cha daladala na tiketi aliyoshika konda ni mabinamu?

SALIM: Wa mbali, lakini damu moja. Na yuko wa tatu, mwenye maringo: etiquette, zile adabu za mezani na za ikulu. Waingereza walilirudia neno lilelile karne ya 18, safari hii bila kulikata.

ZUHURA: Huyo ndiye ndugu aliyesoma, hataki kujulikana ana binamu konda. Lakini Salim, huku Dar tunasema tiketi. Wewe nakusikia tikiti. Tikiti kwangu ni tunda, linakatwa vipande na kutemwa mbegu.

SALIM: Mombasa twasema yote mawili, na hilo tunda kwetu lina siasa yake. Kura ya maoni ya katiba ya 2010, Ndiyo ilikuwa kijani, La nyekundu. Mwanasiasa aliyejionyesha kijani huku ndani mwekundu, tulimwita tikiti maji.

ZUHURA: Na uchaguzi ukija anagombea kwa tikiti ya chama! Hebu nieleze hapo. Magazeti yetu kila siku "kwa tiketi ya chama fulani". Mgombea anaingia wapi na tiketi?

SALIM: Hiyo yatoka Marekani. Karne ya 19 serikali haikuwa ikichapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapisha yake, majina ya wagombea wake yamepangwa juu hadi chini, na watu wake wakaigawa. Mpiga kura akaichukua akaitumbukiza sandukuni kama ilivyo. Hiyo karatasi ndiyo iliitwa tiketi. Karatasi za serikali za kupigia kura ya siri zilianza kuenea huko mwishoni mwa miaka ya 1880. Karatasi ya chama ikafa, msemo ukabaki.

ZUHURA: Na hii ya safari, nani katuzoesha?

SALIM: Reli, kwa kiasi kikubwa. Kulikuwa na Thomas Edmondson, fundi samani Mwingereza aliyefilisika. Akapata kazi stesheni ndogo kwenye reli ya Newcastle na Carlisle, miaka ya 1830. Kila abiria aliandikiwa tiketi kwa mkono, foleni haisogei. Jamaa akabuni kikadi kigumu, kama sentimita 6 kwa 3, kimechapishwa tayari na kina namba ya mfululizo. Jioni unaangalia namba ya mwisho, unajua fedha ngapi ziwepo mezani.

ZUHURA: Kumbe namba ilikuwa ya kumbana karani!

SALIM: Karani hasa! Wenye reli walikipenda kwa hilo. Uingereza ilivitumia vikadi hivyo mpaka 1990.

ZUHURA: Makonda wetu wanaokwepa kutoa tiketi wanajua wanachofanya.

SALIM: Wanajua sana. Lakini mimi inayonigusa ni ya Australia. Wafungwa wa Kiingereza waliosafirishwa kule, kuanzia 1801 gavana akawa anawapa baadhi yao tiketi ya ruhusa. Ukiwa nayo wajitafutia kazi, walipwa mwenyewe, lakini usitoke wilaya uliyopangiwa. Ukivunja masharti, yafutwa.

ZUHURA: Tiketi ya kutoka nusu.

SALIM: Nusu. Sasa sikia ya mabaharia. Karne ya 17 jeshi la majini la Uingereza halikuwa na fedha, likawalipa mabaharia tiketi. Karatasi yasema unadai kiasi fulani, nenda London ukalipwe. Ukifika, hakuna kitu. Watu wana njaa, wakawauzia walanguzi kwa bei ya kutupa. Karne hiyohiyo Waingereza wakaanza kusema mtu kanunua on tick, yaani kwa mkopo. Hiyo tick ni tiketi iliyokatwa mkia.

ZUHURA: Huku mbele walishakata kichwa! Neno limebaki kiwiliwili.

SALIM: Juni 1667, wakiwa vitani na Waingereza, Waholanzi wakaingia na meli mto Medway, kulekule Uingereza, wakachoma meli za Waingereza, wakaikokota meli yao kubwa, Royal Charles. Na ndani ya meli za Waholanzi mlikuwa na mabaharia Waingereza! Samuel Pepys, ofisa wa jeshi hilohilo, aliandika walichosikika wakipiga kelele: zamani tulipigania tiketi, sasa twapigania dola, yaani fedha mkononi.

ZUHURA: Mabaharia wangu hao! Subiri, simu inaita... ni yule dada.

SALIM: Weka spika.

ZUHURA: Halo? Ndiyo, ni mimi... Tiketi imefanyaje? "Imepandishwa ngazi." Salim, tiketi yangu imepandishwa ngazi.