Kete kwa kopo la maziwa: mazungumzo na wazee wa wanafunzi, Wete

Assalaam alaikum warahmatullah. Wazee wangu, nimetakiwa nijibu suali moja: mtoto apewe zawadi kwa kazi za nyumbani, au asipewe? Mimi nasema apewe, lakini kwa baadhi ya kazi tu, na kwa muda.

Kwetu Pemba mtoto anajua mapema kwamba kazi ina ujira. Msimu wa karafuu anawaona wachumaji wanapimiwa jioni, pishi kwa pishi, kila mtu anaondoka na fedha zake. Yeye anaambiwa kaa hapa uchambue makonyo, vile vijiti vya karafuu, na mvua ikitanda akimbie kuanua karafuu majamvini. Bure. Msidhani hapigi hesabu.

Sasa utaratibu wenyewe. Miaka ya 1960 huko Illinois, Marekani, Teodoro Ayllon na Nathan Azrin waliwapa wagonjwa wa akili vipande mfano wa sarafu kila walipofanya kazi ndogondogo za hospitali. Vipande hivyo walivibadilisha kwa vitu walivyovipenda. Watu waliokuwa wakikaa tu wakaanza kujishughulisha. Sisi kete za bao tunazo. Tafuta kopo tupu la maziwa, andika jina la mtoto, kubalianeni: vyombo vya usiku kete moja, kufagia ua kete moja, kuteka maji kete mbili. Alkhamisi jioni kete zinahesabiwa, zinageuka ubuyu, malai, au shilingi za kutia kwenye kibubu zingojee Idi, akatumie kwenye kiwanja cha sikukuu cha Tibirinzi.

Kete itiwe kopani pale pale kazi ilipokwisha. Sote tunaijua hadithi ya Mtume, mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, lakini tukifika kwa watoto wetu tunasema "nitakupa kesho". Utaratibu huu mara nyingi unakufa kwa sababu ya mzazi. Wiki ya pili hana chenji, ya tatu kasahau, ya nne analalamika kwamba watoto wa siku hizi wavivu.

(Naona akina baba hapo nyuma mnaangaliana.)

Na hapo kwenu nina jengine. Binti wa miaka 9 anakuna nazi, anasugua masufuria, anambeba mdogo wake kiunoni, na hakuna anayemwambia hata ahsante. Kaka yake wa miaka 12 anatumwa boflo dukani, akirudi anaambiwa "chenji baki nayo". Kwa hiyo msiniambie zawadi ni mambo ya kigeni. Majumbani mwetu zimo tangu zamani, ila mpokeaji ni mmoja. Weka makopo mawili, kila kazi na kete yake, na sufuria lisiulize anayelisugua ni mwanamke au mwanamme. Kama kopo la kaka litabaki tupu, basi liachwe tupu, bibi asimtilie kete za huruma.

Kuna kazi zisizotiwa kete. Kutandika kitanda chake, kufua sare yake ya skuli, kumpelekea maji babu wa kutawadhia: hizo ni zake, hazina bei. Na mtoto wa miaka 3 anayekunyang'anya ufagio kwa furaha, usimlipe. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliwaahidi watoto wadogo waliopenda kuchora kwamba wakichora watapewa cheti chenye nyota. Baadaye, walipoachiwa wacheze watakavyo, watoto hao walichora kiasi cha nusu tu ya wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Raha ilikwishapungua. Huyo mdogo mpe ufagio mfupi na maneno mazuri, basi.

Kazi inayochosha haina raha ya kuharibiwa, ndiyo maana kete inafaa kwa vyombo. Hata hivyo, usizikate kete ghafla. Wale wagonjwa wa Illinois, vipande vilipoacha kutolewa kwa kazi, waliziacha kazi. Vyombo vikishakuwa mazoea, hamishia kete kwenye kazi mpya, pole pole.

Suali ninaloulizwa sana ni hili: akikosa adabu, nimtoe kete? Hapana. Alizozipata ni zake, kosa lina adhabu yake mbali. Haya, bibi wa buibui pale mlangoni, naona mkono uko juu muda mrefu. Karibu.