Otak, Bill na mada iliyotushinda

NEEMA: Haya tumerudi jamani, karibuni. Leo tulipanga waandishi wawili wa hadithi za uchawi, Tolkien na Le Guin, nani anazidi kunoga ukimrudia ukubwani, na nimeandaa mafunzo matatu kwa wanaorudia vitabu. Ila Salim ana jambo, namwona tangu ameingia.

SALIM: Dada, wiki hii tulikaa na wenzetu kurudia A Wizard of Earthsea, kile cha Le Guin cha 1968, tunapokezana kusoma kwa sauti. Zamu yangu ikaangukia pale Ged, yule mchawi kijana, anakimbia kutoka ngome ya Terrenon, anamkuta otak wake amekufa. Aisee sauti ikagoma. Nikampa kitabu jirani yangu amalizie.

NEEMA: Jamani pole. Kwa wageni, otak ni kanyama kadogo ka manyoya, Ged anatembea nako begani tangu chuo cha uchawi cha Roke, anakaita Hoeg.

SALIM: Na ndiye aliyemwokoa! Ged kajaribu kumrudisha yule mtoto wa mwenzake kutoka kwa wafu, roho yake ikapotelea huko huko, mwili umelala kama maiti na watu wazima wamesimama tu hawajui wafanye nini. Otak akaja akamlamba. Basi. Akarudi.

NEEMA: Sawa, tutamrudia otak, tuanze na uchawi wa majina, ule wa kukitawala kitu kwa kujua jina lake la kweli...

SALIM: Ngoja, sijamaliza otak.

NEEMA: Haya.

SALIM: Kiumbe kamrudishia mtu uhai, halafu kifo chake kinapewa mistari michache, safari inaendelea. Mlinganishe na Bill, yule poni, farasi mdogo wa Sam, kwenye The Lord of the Rings ya Tolkien. Wamemnunua mjini Bree kwa tapeli, kakonda, bei mara tatu ya thamani yake. Wakifika mlango wa Moria, ile migodi ya chini ya milima, hawezi kuingia, Sam analia, mchawi Gandalf anamsemesha yule poni maneno ya kumlinda njiani, kisha lile dude la majini linatoka, Bill anatimka gizani. Halafu vita nzima inapita, wafalme wanakufa, wanarudi Bree wanamkuta yupo! Na wakifika mpakani kwao yule tapeli aliyemuuza anakula teke lake. Tolkien alipigana Somme kule Ufaransa mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, na vita ile ilimaliza farasi wengi mno. Mimi naamini mtu aliyeona yale ndiye anajua kwa nini poni lazima arudi.

NEEMA: Hapo nakupinga kabisa kaka. Soma kinachofuata baada ya otak kufa. Ged anajigeuza mwewe, anaruka mpaka kisiwa cha kwao, Gont, na anakaa umwewe muda mrefu hadi anakaribia kusahau kuwa ni mtu. Kwa nini? Mara ya kwanza alipopotea kulikuwa na wa kumlamba. Sa hivi hayupo. Inabidi Ogion, mwalimu wake wa zamani, amtambue, amwite kwa jina lake. Le Guin hakumsahau otak, pengo lake ndo linabeba sura nzima.

SALIM: Hilo zuri, lakini umelitoa wewe, yeye hakuliandika.

NEEMA: Kaliandika! Anasema kabisa kwamba tangu usiku ule wa kulambwa Ged aliamini mwenye hekima hajitengi na viumbe wengine. Kitabu chembamba kile, hana nafasi ya kumliza kila mtu.

SALIM: Sentensi moja ya Ged kuomboleza ingemgharimu nini?

NEEMA: Anakimbizwa Salim! Mtu anayekimbilia uhai wake haombolezi, anayeomboleza ni wewe, na ndo maana sauti ilikugoma. Teke la Bill nalipenda, nacheka kila nikilifikia, lakini likishapita nafunga kitabu nalala.

SALIM: Na mimi nataka kulala! Kwani faraja ina kosa gani? Kuna mtu anarudia vile vitabu kila maisha yakimwelemea, kwa sababu anajua mbele huko Bill yupo salama anasubiri.

NEEMA: Sijasema ina kosa. Nasema Le Guin kaniamini zaidi kama msomaji.

SALIM: Na mimi nasema Tolkien kawaheshimu zaidi wadogo. Sisogei.

NEEMA: Na mimi sisogei. Tuingie uchawi wa majina sasa, kwa sababu hata huyo otak, Ged alimwita kwa jina la...

SALIM: Otak huyo karudi mwenyewe!

NEEMA: (anacheka) Jamani... eh, wananionyesha muda hapa, umeisha? Mafunzo yangu matatu sijagusa hata moja, basi tuyaache. Wiki ijayo ni kitabu cha Tehanu cha 1990, Le Guin anarudi Earthsea baada ya miaka kumi na nane na Ged hana tena uchawi, someni mapema maana...

SALIM: Maana hapo ndo nitakuonyesha kwamba alijua anadaiwa.

NEEMA: Hadaiwi kitu! Haya, kwaherini.