Bao, kete na namba 4,294,967,295

Haya jamani tuanze, wa kule nyuma mnanisikia? Nimekuja na bao, hili hili la mashimo 32 mnalolijua. Shimo la kwanza weka kete 1, la pili 2, la tatu 4, yaani kila shimo mara mbili ya lililopita mpaka yaishe. Kete zetu ni 64, kwa hiyo ukimaliza shimo la sita umebaki na 1 mkononi na la saba linataka 64 peke yake. Ila kwa hesabu twende tu mpaka mwisho, jumla ni 4,294,967,295.

Mimi hii namba naipenda sana na nataka muione kwa nini. Anza na 3. Ongeza 2 unapata 5, namba tasa. Zidisha 3 kwa 5 ni 15, ongeza 2 ni 17, tasa tena. 15 mara 17 ni 255, ongeza 2, 257, tasa! 255 mara 257 ni 65,535, ongeza 2 ni 65,537, nayo tasa, na sasa zidisha hizo mbili za mwisho... ndiyo, bao letu hilo hapo. Kwa hiyo limejengwa na namba tasa tano tu, 3, 5, 17, 257 na 65,537, kila moja imeingia mara moja basi. Sababu yake ni ile tofauti ya miraba miwili ya fomu tuu, 65,536 mara yenyewe toa 1 lazima iwe 65,535 mara 65,537, halafu 65,535 nayo unaipasua hivyo hivyo, unashuka mpaka chini.

Sasa ongeza 2 tena, unapata 4,294,967,297. Fermat wa Ufaransa aliamini nayo ni tasa, na kwa mwendo huu hata mimi ningeamini. Mwaka 1732 Euler akaonyesha inagawanyika kwa 641, jibu 6,700,417, toeni simu mhakikishe. Mtiririko ukakatikia pale, na mpaka leo hakuna tasa ya sita ya ukoo huu iliyopatikana.

Ila zile tano zina kazi. Gauss, 1796, kijana wa miaka 18, aligundua umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa bikari na rula isiyo na vipimo, na kwa hoja hiyo hiyo umbo la pande 4,294,967,295 nalo linachoreka. Kwa pande witiri hatujui kubwa zaidi ya hilo. Kila upande ukiwa sentimita 1 tu, mzunguko wake ni kama kilomita 42,950, unaizunguka dunia yote pale ikweta na mwingine unabaki.