Kitabu cha Locke kiliandikwa lini? Mhadhara kuhusu Peter Laslett

Haya tuanze, wa huko nyuma mnanisikia? Poa.

Wengi wenu mliosoma siasa chuoni mlikaririshwa hivi: 1688 Waingereza wakamtimua mfalme James II, halafu mwanafalsafa John Locke akakaa chini akaandika Two Treatises of Government, yaani vitabu viwili kuhusu serikali vilivyochapwa pamoja, kuhalalisha yaliyokwisha tokea. Unajaza hivyo kwenye mtihani unapewa maksi zako. Na kitabu chenyewe kinakupeleka huko huko, maana kilitoka mwishoni mwa 1689 na dibaji yake inampigia debe mfalme mpya, William.

Sasa anakuja huyu bwana Peter Laslett, mwanahistoria wa Cambridge. Wakati wa vita vya pili alikuwa jeshi la majini, wakamfundisha Kijapani, akawekwa kwenye kazi ya kusoma mawasiliano ya siri ya Wajapani, na mimi nadhani ile kazi haikumtoka damuni. 1947 maktaba ya Bodleian kule Oxford ikanunua makaratasi ya Locke yaliyokuwa kwa familia ya kina Lovelace, na Laslett akaingia humo kama mpelelezi, anaangalia Locke alinunua kitabu gani mwaka gani, alinukuu toleo lipi, ukurasa wa ngapi.

Hapa naomba twende polepole. Locke anabishana na Robert Filmer, mzee aliyekufa 1653, aliyedai mfalme ni baba na mamlaka yake yameshuka toka kwa Adamu. Maandishi mengine ya Filmer yalichapwa upya 1679, ila Patriarcha, ile iliyotikisa watu, ikatoka 1680. Laslett akaona kitabu cha pili cha Locke kinapomnukuu Filmer kinatumia kurasa za lile toleo la 1679, wakati kitabu cha kwanza ndo kinaishambulia Patriarcha yenyewe. Kwa hiyo, akasema, cha pili ndo kilianza kuandikwa! Na vyote viwili kwa sehemu kubwa ni vya 1679 mpaka 1681 hivi, miaka saba nane kabla ya mapinduzi. Toleo lake lenye hoja hizi lilitoka 1960. Wapo waliompinga, Richard Ashcraft kwa mfano aliikataa hiyo ya cha pili kutangulia, lakini ile habari ya kwamba kitabu ni cha baada ya 1688 ndo ikafa hapo.

Mtasema tarehe tu jamani, inahusu nini. Inahusu sana! Miaka hiyo Locke alikuwa mtu wa nyumbani kwa Earl wa Shaftesbury, ni daktari wake, 1668 alisimamia operesheni wakamwachia mzee mrija wa madini ya fedha ubavuni kutoa usaha, na huyo Shaftesbury ndo kinara wa kutaka James, wakati huo bado mrithi tu wa kaka yake mfalme Charles II, anyimwe kiti cha ufalme. Basi yale maneno kwamba mtawala akivunja amana wananchi wana haki ya kumwondoa yaliandikwa mfalme Charles II akiwa bado yupo na ana kamba za kunyongea watu. 1683 Algernon Sidney, mpinzani mwingine wa mfalme, alishtakiwa kwa uhaini, sheria ilitaka mashahidi wawili na wa pili hakupatikana, basi mahakama ikayachukua makaratasi yaliyokutwa mezani kwake kuwa ndo shahidi, jaji Jeffreys akasema kuandika ni kutenda, Sidney akakatwa kichwa. Mwaka huo huo Locke akatorokea Uholanzi, na nani angemlaumu.

Laslett akaenda mbali zaidi, akadhani mswada ule Locke aliuita kwa jina la uongo De Morbo Gallico, yaani ugonjwa wa Kifaransa, kaswende! Daktari kuwa na karatasi za kaswende nani atashtuka, na udikteta nao si ndo uliokuwa ugonjwa wa Ufaransa ya Louis XIV. Hii ni dhana, lakini mimi naipenda.

Hata hatari ilipopita Locke hakukiri. Rafiki yake Tyrrell alipodokeza tu kwamba kitabu ni chake alikasirika vibaya, akaja kukubali kwenye nyongeza ya wosia wake 1704, wiki chache kabla hajafa.

Sasa dada wa mstari wa mbele kabla hatujaanza aliniuliza, huyu wa uhuru si alikuwa na hisa kwenye Royal African Company, kampuni iliyouza watumwa? Ndiyo dada, alikuwa nazo, miaka ya 1670. Tuanze maswali na hilo.