Msichana wa Katwe na Safari ya Kurudi Nyumbani

Walimu, makocha, wazazi na vijana wangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie filamu za michezo zinazosimulia watoto waliokulia kwenye dhiki. Filamu za namna hiyo ni nyingi, nikianza kuzitaja moja moja hatutamaliza, kwa hiyo nitakaa na moja: Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair.

Mlioiona mnamkumbuka Lupita Nyong'o akiwa mama, na David Oyelowo akiwa kocha. Kisa chenyewe ni cha kweli. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana, shule akaiacha kwa kukosa karo, akawa anatembeza mahindi barabarani ili nyumbani wapate chochote. Kocha Robert Katende, ambaye naye alikua yatima, alikuwa akiwachezesha mpira watoto wa mtaa huo. Akaona kuna watoto wanaobaki pembeni, mpira hauwavuti. Mwaka 2004 akawaletea sataranji, yaani chess.

Akawaletea na uji. Naomba hapa tusipite mbio. Phiona mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba kilichomvuta siku ya kwanza ni njaa. Alimfuata kaka yake akakuta watoto wanakunywa uji. Makocha mliopo hapa mnanielewa. Tunapenda kusema kipaji hakijifichi. Kinajificha, tena vizuri sana, ndani ya mtoto ambaye hajala tangu jana. Katende alilijua hilo kabla hajajua nani kati ya wale watoto ana akili ya mchezo.

Wengi wetu huipenda filamu hii kwa sababu msichana anashinda. Mimi naipenda kwa jinsi inavyomfuata anaporudi nyumbani na ushindi wake. Huko ndiko filamu nyingi za michezo haziendi. Kikombe kikishainuliwa, muziki unapanda, majina yanaanza kupita, na sisi tunafuta machozi tukiamini kwamba umaskini nao umefungwa mabao.

Angalieni safari ya Sudan. Mwaka 2009 watoto wa Katende walikwenda Juba, wakati huo ikiwa bado ndani ya Sudan, kwenye mashindano ya kimataifa ya watoto, wakashinda. Katika filamu, Phiona anapanda ndege, analala kitandani kwenye hoteli, anakula mpaka anashiba, anarudi amebeba sifa. Halafu anaingia kwenye kile chumba kilekile. Kazi za nyumbani zinamshinda, mahindi hataki kuyashika. Amekuwa mgeni kwa mama yake mzazi. Mama yake, Harriet, anamkabili kocha kwa uchungu: mwanangu umemwonyesha dunia nyingine, sasa hapa ataishije? Harriet hana wivu wala ujinga. Anauliza jambo ambalo sisi tunaowapeleka watoto kwenye mashindano tungepaswa kuwa tumejiuliza kabla ya basi kuondoka.

Na ni Harriet huyuhuyu anayetupa tukio ninalolipenda kuliko yote. Phiona anahitaji kusoma usiku, na ndani hakuna mwanga. Mama anakwenda kuuza nguo yake ya thamani apate pesa ya mafuta ya taa. Mwenye duka anamtania kwa macho ya mwanamume aliyeona mjane mwenye shida, naye anasimama wima, anataka bei yake tu. Hakuna hotuba pale. Ukiniuliza Phiona alifikaje kwenye mashindano ya dunia, nitakuonyesha lile duka kwanza, kisha ndiyo tuuangalie ubao.

Yanayofuata mnayajua. Kaka yake anagongwa na bodaboda, bili ya hospitali hailipiki, wakirudi mwenye nyumba anawatoa nje. Mvua inakuja na mafuriko. Wapo wanaosema filamu imeyarundika mno. Mimi sioni hivyo. Kwa familia isiyo na akiba, ajali moja huzaa deni, deni linakula kodi ya nyumba, na kodi ikikosekana watu wanalala popote. Nair ameyapanga kwa mfuatano huo, na ndivyo yanavyokwenda.

Sasa twende Urusi. Mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya dunia ya timu za mataifa, mjini Khanty-Mansiysk. Mechi yake ya kwanza alicheza na mchezaji wa Canada, akapoteza. Kwenye filamu anasalimu amri, na yule msichana tuliyemwona akiwachapa wavulana wa shule kubwa anabaki analia mikononi mwa kocha. Vijana, litazameni tukio hilo vizuri. Wenzake wa upande wa pili walikuwa na vitabu, walimu na miaka mingi ya mashindano. Bidii yake ilikuwa kubwa, lakini hayo yote hayafidiwi na bidii ya miaka michache. Filamu ina ujasiri wa kulisema hilo mbele ya watoto, na bado haiwavunji moyo.

Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Istanbul, alipata cheo cha Woman Candidate Master. Hiyo ni ngazi ya chini kabisa katika vyeo vya wanawake vinavyotolewa na FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huo. Hakuwa bingwa wa dunia. Nalisema kwa heshima zote, kwa sababu ni jambo kubwa: kisa chake kilistahili filamu bila ubingwa wa dunia. Baadaye alisoma chuo kikuu nchini Marekani, akahitimu. Kwangu hilo lina uzito kuliko kikombe.

Kuna filamu nyingine siwezi kuipita, ingawa kwa ufupi. The Blind Side ya mwaka 2009 inamhusu Michael Oher, kijana wa Memphis aliyekulia kwenye ufukara na kuhamishwa hamishwa nyumba za watu, akaja kuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani. Iliingiza zaidi ya dola milioni 300, na Sandra Bullock akapata Oscar kwa kumwigiza mama aliyempokea. Oher mwenyewe aliandika mwaka 2011 kwamba hakufurahia kuonyeshwa kama mtu asiyeujua mchezo mpaka afundishwe. Mwaka 2023 akaenda mahakamani Tennessee kuhusu mpango wa kisheria uliomweka chini ya usimamizi wa familia ile, na jaji akaufuta. Kesi yao sitaihukumu mimi. Nasema tu kwamba ukisimulia maisha ya mtoto maskini, ukamweka mfadhili katikati ya picha, mtoto huyo atakuja kukua na kuiangalia filamu yako.

Nair alifanya vingine. Alipiga picha Katwe kwenyewe, na aliyemwigiza Phiona, Madina Nalwanga, naye aliwahi kuuza mahindi barabarani alipokuwa mdogo. Mwishoni waigizaji wanasimama bega kwa bega na wale waliowaigiza, Harriet halisi akiwemo.

Mkiionyesha filamu hii kwa timu zenu, nina ombi. Isimamisheni pale Phiona anaporudi kutoka Sudan, kabla ugomvi na mama yake haujaanza. Waulizeni watoto: ukirudi nyumbani na kikombe, nani atafurahi, nani atakasirika, na kesho yake asubuhi utaamka kufanya nini? Wapeni muda wajibu, msiwakatize. Majibu yao yaandikeni, kisha kila kocha ayapeleke kwa mzazi wa mtoto kabla ya mashindano yanayofuata.

Sasa nakaribisha maswali, na ningependa wazazi waanze.