Vijia vya Kijani vya Nairobi: Tufuate Mito

Mabibi na mabwana, nimeombwa kuzungumzia vijia vya kijani vya jiji letu, yaani njia zinazopita penye miti au kando ya maji, ambamo mtu huenda kwa miguu au kwa baiskeli bila kugombania nafasi na magari. Wengi wetu tukisikia hivyo huwaza Jumapili, viatu vya michezo na chupa ya maji. Hoja yangu ni kwamba Nairobi inavihitaji zaidi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi.

Hata hivyo tuanze na Jumapili, maana vijia tulivyo navyo vinastahili kutembelewa. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, una vijia vinavyozidi kilomita 50, na makutano yake yamewekewa nambari ili mgeni asipotee. Mwendesha baiskeli asiudharau udongo wake mwekundu: mvua za Aprili zikishika, tope hujaa kati ya tairi na breki mpaka gurudumu likagoma, naye hulazimika kushuka akwangue kwa kijiti. Anayetembea hufaidi zaidi, kwa kuwa hupita taratibu chini ya mihugu na mikinduri ya asili, kisha akaingia penye mikaratusi iliyopandwa na kuitambua kwa pua kabla ya macho. Yako pia maporomoko ya maji, na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Msitu huu umesalia kwa sababu Profesa Wangari Maathai na wenzake waliukingia kifua dhidi ya wanyakuzi wa ardhi. Januari 1999 walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda mti.

Bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za garimoshi, inamfaa mwenye saa moja tu mkononi. Mwenye watoto aende Oloolua, huko Karen, ambako kijia hufuata Mto Mbagathi kupitia mianzi.

Sasa tazameni ramani. Sehemu hizo zote ziko upande wa kaskazini na magharibi wa jiji, zina malango, na kiingilio hulipwa. Mito yetu, kinyume chake, haibagui mitaa. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita katikati ya jiji kuelekea mashariki. Mito ya Mathare na Ngong huelekea huko huko, na maji yote hatimaye huingia Mto Athi, yakamalizikia baharini karibu na Malindi. Mto Ngong hasa hutoka upande wa Kibera, ukakatiza Eneo la Viwanda na Mukuru, na huo ndio mwelekeo wa maelfu ya vibarua kila alfajiri. Kwa sasa wengi wao hufuata reli, wakiruka kutoka taruma hadi taruma, sikio moja likisikiliza treni. Karibu nusu ya safari za jiji hili hufanywa kwa miguu, na bado tunamjengea mwenye gari kwanza. (Mwenye baiskeli yake ya Black Mamba iliyobeba kreti za mikate hatumtaji kabisa.)

Kwamba kingo za mito zinaweza kugeuzwa, tumeshaona. Bustani ya Michuki, karibu na mzunguko wa Globe, ilikuwa imejaa taka kabla ya kusafishwa na kufunguliwa upya mwaka 2020. Singapore imeunganisha bustani zake kwa vijia vya zaidi ya kilomita 300, vingi vikipita kando ya mifereji ya maji, juu ya ardhi ambayo haingejengwa nyumba.

Sheria zetu nazo hutenga ukingo wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto. Hapa ndipo penye ugumu. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, wakazi wa kingo za mito huko Mathare na Mukuru waliamriwa kuhama na nyumba zao zikabomolewa. Mimi siwezi kukisifu kijia kilichotandazwa juu ya sakafu ya mtu ambaye hakuonyeshwa pa kwenda. Makazi yatangulie, kijia kifuate. Taa nazo zisisahauliwe, kwani kando ya mto gizani hakuna mama atakayepita saa moja jioni, hata tukiweka maua namna gani.

Fedha zinatajwa katika sera ya usafiri usiotumia injini ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015, inayotaka angalau asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Kaunti inapowaita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nendeni na sera hiyo mkononi, muulize asilimia hiyo imekwenda wapi, na muutaje Mto Ngong kwa jina, daraja kwa daraja.