Kiendelee Nini? Neno "Endelevu" Likitazamwa kutoka Lamu

Asalaam aleikum wazee wangu, kina mama na vijana. Ahsanteni kwa kuacha baraza zenu mkaja.

Nianze na dari. Ukiingia nyumba kongwe ya mji huu, tazama juu. Chumba ni kirefu, lakini upana wake hauzidi mita tatu hivi, kwa sababu boriti ya mkoko inayobeba dari ya mawe haiwi ndefu zaidi ya hapo. Fundi hakuuambia mti urefuke, alikipunguzia chumba upana.

Sasa tunaambiwa "maendeleo endelevu", na Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeyahesabu miongoni mwa maadili ya taifa. Lisikilizeni neno lenyewe: mzizi mmoja umetumika mara mbili, na kitenzi "endelea" hakidai mtendwa. Kitu kinaendelea tu. Ukisema "endeleza", papo hapo utaulizwa: nani anaendeleza nini? Ugomvi wote umejificha hapo.

Wazo hili lina wasifu wake. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, Ujerumani, aliandika kuwa miti ikatwe kwa kadiri inavyoota. Hakuwa akiulilia msitu, alitaka kuni za kuyeyushia madini zisiishe. Mwaka 1987 Tume ya Brundtland, ya Umoja wa Mataifa, ikasema tukidhi mahitaji yetu bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi yao. Mahitaji yapi hasa, haikufafanua vya kutosha. Ndiyo maana kila mtu aliikubali.

Wanauchumi wao wakagawanyika. Robert Solow aliona hakuna neno ukipoteza rasilimali moja, mradi uwarithishe wajao kitu cha thamani badala yake. Herman Daly akakataa: mashua haziwezi kushika nafasi ya samaki. Hapa Lamu hoja ya Daly haihitaji mwalimu.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Haki, nakubali. Lakini huo ni uchumi wa Solow: mkondo wa kuvulia umegeuzwa hundi, na mtoto wa mvuvi hapokei mkondo. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni, baraza la kusikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, sababu moja kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Msidhani wahifadhi ndio wasafi. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha ikaongeza. Amri ilisema "miti". Mkata mikoko ana fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene na jina lake, kila jina na kazi yake. Nimemwona mmoja akizunguka mkoko, akaupima kwa kiganja, akauacha. Ulikuwa mazio, naye alitumwa boriti. Kwa amri ile, yeye na mwenye msumeno wa mashine ni mtu mmoja. Uendelevu ulimkuta na shoka mkononi, haukumuuliza jina la mti.

Basi maswali. Tuanze na walio karibu na mlango, maana wana mashua na maji yanakupwa.